Jinsi ya kuskiza albamu ya mapenzi ya ujana mpaka uiskie kweli (mfano: Fearless)

Kazi yangu ni sauti, nafunga spika kwenye harusi hapa Malindi na narekodi vijana kwenye chumba kidogo huko Barani. Vijana wanaleta nyimbo za mapenzi, na ukimuuliza mtu ule wimbo unaoupenda waupendea nini, jibu ni "mtamu tu". Haya, mtamu, lakini huo utamu una sababu zake na ukitulia unaziskia. Mfano wangu ni Fearless ya Taylor Swift, mwimbaji wa Marekani, ilitoka Novemba 2008 akiwa na miaka 18, ikauza kushinda albamu zote Marekani mwaka 2009 na 2010 ikabeba Grammy ya albamu ya mwaka. Nimeichagua maksudi kwa sababu hapa mtaani watu wanaipita ati mambo ya wasichana wa shule, na mimi nasema kama wataka kujifunza kuandika mapenzi, anza hapo.

Kitu kimoja kabla hujabonyeza. Sisi maskio yetu yamelelewa na tarabu. Ukimskia Zein l'Abdin na udi wake akili inakimbilia fumbo, ua lile ni nani, ndege yule ni nani, nani kapigwa leo. Hapa maneno yako wazi kabisa, msichana anataja mvulana kwa jina lake, anataja raba alizovaa yeye na viatu virefu vya yule mwenzake. Ukienda na maskio ya kutafuta fumbo kwenye maneno utaona hakuna kitu na utaizima wimbo wa pili. Kilichofichwa kiko kwengine, kiko kwenye sauti yenyewe, na kwenye nani anaongea na anaongea akiwa wapi kimaisha.

Hatua ya 1, vifaa. Eafoni za waya, hata zile za bei rahisi, bora zote mbili ziwe zinaskika sawa. Spika moja ya blututhi haifai kwa hii kazi maana kushoto na kulia vinakuja pamoja na huwezi kujua gitaa limekaa upande gani. Zima kile kitu cha kuongeza besi kwenye simu, zima na kile cha kuchanganya nyimbo. Daunlodi mapema, bando lisije likakukatia katikati. Na ngoja usiku tuktuk zipungue barabarani.

Hatua ya 2, iskize yote mara moja bila kusimamisha. Nyimbo 13, kama dakika 54. Usiandike chochote, usichati. Mpangilio wa nyimbo ni sehemu ya hadithi na utaona baadaye.

Hatua ya 3 ndio yenyewe, hapa usiwe na haraka. Chukua daftari piga mistari, upate safu tatu: nani anaongea, anamwambia nani, na wakati gani (yanatokea sasa hivi, yamepita, au anayaota tu). Halafu rudia wimbo mmoja mmoja ujaze.

Anza na Fifteen, wimbo wa pili. Ni siku ya kwanza ya shule ya sekondari, lakini anayeongea si yule msichana wa miaka 15, ni mtu aliyekwisha pita pale, na anasema "wewe", "wewe", kama dada anamsuka mdogo wake nywele huku anamwambia maneno. Skiza mwisho, anamrudisha mlangoni palepale pa kuvuta pumzi na kuingia. Sasa yule dada ana miaka 18! Hapo ndio pananishika mimi, mtu wa 18 anaona 15 ni zamani sana, na ukikumbuka umri ule ulivyokuwa utajua ni kweli, miaka mitatu pale ni mingi.

Kisha Love Story, wimbo wa tatu. Wote wanajua ni Romeo na Juliet wa Shakespeare ila hapa hafi mtu. Kazi yako ni korasi ya mwisho. Kabla yake vyombo vinapungua, msichana kachoka kungoja, hajui afikirie nini, mvulana anapiga goti anatoa pete, na palepale wimbo mzima unapanda kii (ile ngazi ya sauti wimbo unapokaa) kutoka D kwenda E. Sasa angalia safu yako ya kwanza: korasi zote za nyuma alikuwa anaongea msichana, hii ya mwisho maneno ni ya mvulana, na anachosema ni kwamba ameshaongea na babake. Mtu wa Pwani akiskia hivo anajua hii ni posa, hakuna tena kuonana kwa kujificha. Kwa hiyo vitu viwili vimebadilika kwa pamoja, anayeongea na kii. Huo ndio ufundi, na wengi wanaimba wimbo huu miaka na miaka, moyo unapanda hapo hapo, wasijue umepandishwa na nini.

Sasa ruka mmoja uende wa tano, White Horse. Gitaa na kinanda, polepole, hakuna kishindo. Hapa anasema yeye si binti mfalme na hii si ngano. Na kuna goti tena! Mvulana yuko chini anaomba, ila safari hii anaomba msamaha, na msichana anaondoka, ule mji mdogo unabaki nyuma kwenye kioo cha gari. Goti la wimbo wa tatu na goti la wimbo wa tano, katikati umewekwa wimbo mmoja tu. Skiza pia mstari wa mwisho wa korasi, mara zote jamaa kachelewa kuja, mara ya mwisho kabisa kachelewa hata kumkamata. Ndio maana nilisema usichanganye nyimbo.

Hatua ya 4, shika kitu kimoja ukifuate albamu nzima. Mimi nakupa mvua. Kwenye wimbo wa kwanza mvua ni raha, wanacheza ndani yake na nguo nzuri. Wa nne anatamani busu kwenye mvua. Wa kumi mvua imekuwa kumbukumbu ya mtu mwengine aliyeachana naye, busu na ugomvi vyote ndani yake. Wa kumi na moja mvua imeingia mpaka chumbani na kila kitu kimeharibika. Mvua ni ileile, mapenzi ndio yamezeeka.

Hatua ya 5, skiza sauti inapoyakataa maneno. Mfano bora ni huo wa kumi, The Way I Loved You. Vesi zinamsifu mpenzi mpya, mpole, anafika kwa wakati, wazazi wanampenda, na vyombo vimetulia vizuri. Korasi ikiingia magitaa yanajaa mpaka juu na anamtaja yule wa zamani. Hata usipojua Kiingereza neno moja utajua moyo uko wapi. Nikirekodi vijana huwa nawawekea huu, maana wengi wanataka kila kitu kiwe juu toka sekunde ya kwanza, halafu korasi ikija haina pa kwenda.

Ongeza Forever & Always, wimbo wa kumi na moja, ya haraka ya mwaka 2008 halafu ile ya kinanda iliyokuja na toleo la 2009. Maneno yaleyale, ila ya kwanza ana hasira na ya pili analia. Fupi tu, huhitaji kuandika mengi.

Hatua ya 6, toleo la 2021. Kampuni iliyokuwa na rekodi zake za mwanzo iliuzwa 2019, akaamua kuzirekodi upya mwenyewe, Fearless ikatoka tena Aprili 2021 ikiwa na nyimbo 26, na zile 13 ziko mbele kwa mpangilio uleule. Weka Fifteen ya 2008 kwenye sikio, simamisha baada ya korasi ya kwanza, weka ya 2021 mpaka palepale. Vyombo vimefuatwa karibu vilevile, kwa hiyo kinachobadilika ni koo: chini imejaa zaidi, mwisho wa mistari hautetemeki vile. Sasa rudi kwenye daftari, safu ya kwanza, pale ulipoandika msichana wa 18 anamwambia wa 15. Aliyeko kwenye maiki ya toleo hili alikuwa na 31 lilipotoka. Futa, andika upya, na uskize korasi tena, hasa pale anaposema ukiwa na 15 mtu akikwambia anakupenda utamwamini.