Namba za miguu kwenye KiCad: hakikisha transista haikai kinyume

Bodi yangu ya kwanza niliyoichora kwa KiCad, programu ya kuchora saketi na bodi zake, ilipofika nililehemu kila kitu vizuri, nikawasha, relei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya volti 5 ikakaa kimya. Nilipima njia zote kwa mita, zote nzima. Tatizo lilikuwa transista. Mchoro ulikuwa wa BC547, lakini dukani nilipata 2N3904, nikaichukua kwa kuwa zote ni NPN, yaani transista za aina moja, na umbo lake ni lilelile. Shika BC547 miguu ikiwa chini na uso bapa ukikutazama: kutoka kushoto ni kolekta, besi, emita. Kwa 2N3904 ni emita, besi, kolekta. Siku hizi siagizi bodi kabla ya kupitia hatua hizi.

Hatua ya 1: Soma datashiti (karatasi ya maelezo ya mtengenezaji) ya kipande chenyewe ulichonacho, si ya kinachofanana nacho. PN2222A na P2N2222A zimepishana herufi moja, na kolekta na emita zimebadilishana nafasi. Angalia pia kama mchoro umechorwa kutoka juu au kutoka chini, kwa sababu ukitazamwa kutoka chini, kushoto huwa kulia.

Hatua ya 2: Kwenye mchoro wa saketi, chagua alama ya transista ubonyeze Ctrl+E kuifungua. Kila mguu una jina na namba. Hapa ndipo penye kiini cha mambo yote: KiCad haijui kolekta ni kitu gani. Inachofanya ni kupeleka mguu namba 1 wa alama kwenye pedi (sehemu ya kulehemu mguu) namba 1 ya futiprinti, yaani mpangilio wa pedi za kipande kwenye bodi, basi. Jina umewekewa wewe msomaji. Kwa hiyo ukaguzi wa programu unaweza kupita bila kosa hata moja, na transista ikawa imekaa kinyume.

Hatua ya 3: Nenda upande wa bodi, kuza picha mpaka usome namba na jina la waya ndani ya kila pedi. Linganisha na datashiti, mguu kwa mguu. Regyuleta, vipande vya kudhibiti volti, zichunguze zaidi: 7805 ina ingizo, ardhi, tokeo, AMS1117 ina ardhi, tokeo, ingizo.

Hatua ya 4: IC (chipu) zenye safu mbili za miguu zina pengo upande mmoja. Pengo likiwa juu, namba 1 iko kushoto juu, unahesabu ukishuka, kisha unapanda upande wa kulia. Kwenye 555, chipu ya kupima muda, namba 8 ya umeme inatazamana na namba 1 ya ardhi. Ukihamishia kipande nyuma ya bodi kwa kubonyeza F, programu inakigeuza yenyewe, usibadilishe namba. Kwa diodi, pedi 1 ni kathodi, upande wa mstari.

Hatua ya 5: Ukikuta kosa, rekebisha namba kwenye alama, si kwenye pedi, maana futiprinti ya TO-92, umbo la transista hizi zenye uso bapa, inatumiwa na vipande vingi. Hifadhi alama hiyo kwenye maktaba yako, ubadilishe iliyo kwenye mchoro, kisha bonyeza F8 ili mabadiliko yafike kwenye bodi.

Hatua ya 6: Chapisha bodi kwenye karatasi kwa kipimo cha 1:1. Toboa matundu kwa sindano, chomeka transista yenyewe, uso bapa ufuate mstari uliochorwa, halafu fuata kila mguu kwa kidole hadi waya wake.