Bustani ya gunia mwanzo wa vuli: chuma asubuhi, panda jioni

Mvua za vuli huanza Nairobi mwezi wa Oktoba na kukolea Novemba. Ukipata Jumamosi moja mwanzoni mwake, kazi ya bustani na ya jikoni zinaweza kwenda pamoja, mradi ufuate jua. Mboga huchumwa asubuhi ikiwa na maji ndani. Miche hupandwa jioni, kwenye matundu ya ubavuni mwa gunia lililojazwa udongo, ili ipate usiku mzima wa kushika. Ukigeuza mpangilio huo utapika majani yaliyonyauka, na kesho yake utakuta miche imelala.

Chuma kati ya saa mbili na saa tatu, umande ukishakauka. Majani yakiwa na maji ya mvua yaache. Kuna ugonjwa wa sukuma wiki unaoanza na madoa ya manjano yenye umbo la V kwenye ukingo wa jani, kisha mishipa inakuwa myeusi. Mikono na kisu chenye maji huupeleka shina hadi shina. Sukuma vunja majani ya chini, bakisha matano au sita juu. Wageni wasikutie tamaa ya kumaliza kilele. Managu (mnavu) kata ncha za sentimita 10 hadi 15 ili shina litoe matawi, na maua yanapochomoza yang'oe, kwani mmea ukianza kuzaa, majani huwa madogo na machungu. Loweka kitambaa, kikamue, ufunike mboga kivulini.

Gunia lijaze kabla ya chakula cha mchana, maana udongo unahitaji saa kadhaa za kunywa maji na kutulia. Changanya karai mbili za udongo mwekundu na moja ya samadi iliyooza. Anayeishi kwenye udongo mweusi, kama Embakasi, aongeze karai moja ya mchanga, la sivyo gunia litashika maji kama tope na likikauka litapasuka. Mbolea ya kuku iliyotoka bandani juzi huchoma mizizi. Ikae miezi miwili au mitatu kwanza.

Sehemu inayoharibu magunia mengi ni nguzo ya kokoto katikati. Chukua mkebe wa kilo mbili usio na kitako, usimamishe katikati ya gunia, ujaze kokoto, kisha jaza udongo pembeni hadi usawa wa mkebe. Vuta mkebe juu, kokoto zibaki, urudie hadi karibu na mdomo. Nguzo ikikatika njiani, au ukitumia changarawe yenye vumbi, maji hayafiki chini: miche ya juu inaoza na ya chini inakauka, nawe utalaumu mbegu. Mwagia maji polepole kwenye kokoto hadi yaanze kuchuruzika chini. Yasiwe ya mtaro wala ya mto unaopita mtaani, maana hayo hubeba maji taka. Maji uliyooshea mboga yanafaa, kama hayana sabuni.

Sasa jikoni. Kwa watu wanne, tumia kilo moja ya managu na terere (mchicha), nusu kwa nusu. Terere hupunguza uchungu. Ondoa mashina magumu na vitunda vyote vya kijani, kwani vitunda vya managu vikiwa vibichi vina sumu. Osha mara tatu, maana mchanga hujificha chini ya majani. Chemsha managu dakika 10, ongeza terere kwa dakika 5, kisha mwaga maji. Kaanga kitunguu kimoja hadi kiwe laini, tia nyanya mbili, zikorogeke kabisa. Tia mboga na chumvi. Maziwa, nusu kikombe, ndiyo ya mwisho, na moto uwe mdogo: ukiyamimina kwenye nyanya zinazotokota yatakatika. Yaache dakika 5 bila kifuniko. Sukuma ina njia nyingine: ioshwe kabla ya kukatwa, ikatwe nyembamba, ikaangwe dakika 4 au 5. Ukiiosha ikiwa imekatwa, utakaanga maji. Ugali usongwe wakati managu yanachemka.

Saa kumi na nusu rudi kwenye gunia. Udongo utakuwa umeshuka, ongeza. Toboa matundu ya upana wa vidole viwili, ukianzia sentimita 30 kutoka chini, umbali wa sentimita 20, yapishane kama matofali ukutani. Miche ya sukuma ya wiki nne au tano, yenye majani manne, ndiyo ya kutumia. Mizizi iingie ikielekea chini. Ikikunjika kuelekea juu, mche utadumaa. Bonyeza udongo kwa kidole usibaki na hewa. Juu ya gunia panda dania au vitunguu, kwani sukuma ya juu ikirefuka hufunika ya pembeni.

Siku zisizo na mvua, lita 5 kwa gunia zinatosha, kupitia kokoto. Kila siku ya tatu geuza majani uangalie vidukari. Wakiwa wachache, wasage kwa vidole. Wakiwa wengi, nyunyiza jioni maji yenye sabuni, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja, ukilenga upande wa chini wa jani, na asubuhi suuza kwa maji safi.