Mgonjwa ametolewa kipande cha ini: usiku wa kwanza nyumbani

Hapa Bukavu, mgonjwa akishachomwa sindano ya kutoa kipande kidogo cha ini cha kupimwa, chini ya ekografi (mashine inayoonyesha ndani ya tumbo), ndugu zake wananiuliza jambo moja tu: "Mama muuguzi, tunatoka saa ngapi?" Nawaelewa, jioni gari za kupanda mtaa wa Kadutu ni shida. Lakini msituharakishe. Ini limejaa damu. Tundu la sindano likivuja, damu inamwagikia ndani ya tumbo, na bandeji nje inabaki kavu kabisa. Mambo yakiharibika, kwa kawaida ni katika saa za kwanza, na karibu yote ni ndani ya saa 24.

Ndiyo maana tunamlaza ubavu wa kulia kwa muda wa saa mbili hivi, ili uzito wa mwili wake ulikandamize ini kwenye mbavu. Akilalamika kuchoka, mwekeeni mto mgongoni, asigeuke.

Nyumbani mapigo mtapima nyinyi. Vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono, chini ya kiganja, upande wa dole gumba. Dole gumba lenu msilitumie, lina mapigo yake. Hesabuni sekunde 30 kwa saa ya simu, zidisheni mara mbili, andikeni. Kama alitoka kwetu na 76, na sasa amelala tu ana 110, tafuteni gari hata iwe saa nane za usiku. Vilevile akitoka jasho la baridi, akipata kizunguzungu, au tumbo likiwa gumu. Bega la kulia kuuma kidogo si ajabu. Likizidi kuuma, rudini.

Kurudi nyumbani kwa moto (pikipiki), hapana. Lipeni teksi.

Parasetamoli ni kwa kipimo alichoandika daktari. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zinazuia damu kuganda vizuri. Jirani atakuja na kidonge kilichofungwa kwenye ncha ya kitenge, eti kilimponya mgongo. Mshukuruni, kiwekeni kando. Kasiksi, pombe yetu ya ndizi, pia asiguse. Bugali na sambaza, samaki wadogo wa ziwani, ale.

Bandeji ikae kavu mpaka kesho yake.

Sasa bidoni, dumu la maji. Lita 20 za maji ni kilo 20, na wiki nzima asibebe. Mama zetu hapo hawasikii: siku ya tatu wanajiona wazima, kamba ya kubebea mzigo imerudi kwenye paji la uso. Kwa hiyo kabla hamjatoka hospitali, niambieni mbele yake nani atachota maji.