Jinsi ya Kusoma Ripoti ya Vipimo vya Jeni Inayotaja ANKRD1

Mgonjwa wa moyo uliopanuka anayehudhuria kliniki hapa Nairobi, iwe Hospitali ya Kenyatta au kwa daktari wa binafsi, anaweza kukabidhiwa ripoti ya jeni iliyojaa herufi na tarakimu. Ukikuta humo ANKRD1, fahamu kwanza kazi yake. Jeni hii iko kwenye kromosomu ya 10 na hubeba maelekezo ya protini yenye asidi amino 319 (vipande vinavyojenga protini), ambayo hushikamana na titini, protini kubwa ya nyuzi za misuli, na pia huingia katika kiini cha seli na kuathiri utendaji wa jeni nyingine. Moyo ukielemewa, kwa mfano na shinikizo la damu la muda mrefu, protini hii huongezeka. Ongezeko hilo halithibitishi kwamba jeni yenyewe ina kasoro, ingawa wengi huyachanganya mambo haya mawili.

Kisha soma badiliko lenyewe. Tuseme limeandikwa c.313C>T, p.Pro105Ser: herufi ya 313 ya maelekezo, iliyokuwa C, imekuwa T, na asidi amino ya 105, iliyokuwa prolini, imekuwa serini. Kwa kuwa kila asidi amino huandikwa kwa herufi tatu za maelekezo hayo, gawanya 313 kwa 3, upandishe jibu hadi namba kamili, nawe utapata 105. Namba zisipooana hivyo, rudisha ripoti.

Penye uzito zaidi ni daraja la badiliko. Madaraja ni matano, kuanzia badiliko lisilo na madhara hadi linalosababisha ugonjwa, na la katikati husema kwamba maana haijabainika. Mkenya akipewa hilo asikimbilie kukata tamaa, kwa sababu hazina kubwa za data zina watu wengi wenye asili ya Ulaya na wachache mno wa Afrika Mashariki, hivyo badiliko linaloonekana adimu kule, na hivyo kutiliwa shaka, huenda likawa la kawaida huku kwetu. Isitoshe, ushahidi unaoihusisha ANKRD1 na moyo kupanuka ni haba ukilinganishwa na ule wa jeni ya titini. Panya walioondolewa jeni hii pamoja na jeni nyingine mbili za jamii yake walistahimili mzigo wa shinikizo moyoni kama panya wengine.

Kwa hiyo, unapokwenda kwa daktari, beba pia orodha ya ndugu wa vizazi vitatu, ukionyesha waliougua moyo na waliofariki ghafla wangali vijana. Omba ndugu wa tumbo moja na watoto wafanyiwe eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) na ECG (kipimo cha umeme wa moyo), wala usiwapime watoto badiliko ambalo maana yake haijabainika. Baada ya miaka michache, omba maabara iliangalie upya daraja hilo.