Kubadili madabodi bila kupiga Windows upya

Nina stesheneri Majengo, hapa Moshi. Kompyuta yangu ilichagua Desemba kuugua: Wachagga wamerudi nyumbani, kadi za kipaimara na harusi zimepangana, nayo leo inawaka, kesho inagoma. Kuifungua, kapasita (vile vikopo vidogo vya kutunza umeme) za madabodi, ile sahani kuu inayounganisha vifaa vyote vya ndani, zimevimba kama maandazi. Fundi akasema, "Dada, tubadili madabodi, halafu tupige Windows upya." Madabodi sawa. Windows nikakataa: fonti zangu, templeti za kadi, na ile draiva (programu ya kuiwezesha Windows kutumia kifaa) ya printa iliyonitoa jasho wiki nzima, vyote vimo humo.

Kazi kubwa ifanye kabla ya kushika bisibisi, siku ambayo mashine imekubali kuwaka. Nakili faili zako kwenye diski ya nje. Kisha andika msinfo32 kwenye kisanduku cha kutafutia, utazame mstari wa BIOS Mode, yaani namna mashine inavyowaka: UEFI (mpya) au Legacy (ya zamani)? Ingia pia kwenye BIOS yenyewe, mipangilio ya madabodi inayotangulia Windows, uone diski imewekwa AHCI au RAID, njia mbili za madabodi kuongea na diski. Yote andika. Ingia Windows kwa akaunti ya Microsoft ili leseni ifungamane nayo, na draiva ya mtandao ya madabodi mpya iweke kwenye fleshi.

BitLocker, kufuli la Windows la kuficha data ya diski, usiipite haraka. Kama diski imefungwa nayo, ufunguo unategemea TPM, chipu ya usalama ya mashine ile ile. Ukileta madabodi nyingine, diski inakuona mwizi. Isitishe BitLocker kwanza, na zile tarakimu 48 za kuifungua diski wakati wa dharura uziandike kwa mkono. Mimi niliziandika kwenye daftari la madeni, ndicho kitu kisichopotea dukani kwangu.

Kununua, hakikisha madabodi inapokea prosesa (ubongo wa kompyuta) na RAM (kumbukumbu ya kazi) ulizo nazo. RAM ya aina ya DDR3 haiingii kwenye tundu la DDR4. Kabla ya kuchomoa nyaya piga picha, hasa zile nyembamba za kitufe cha kuwashia. Prosesa ipake pesti mpya ya kupitisha joto.

Ukishafunga, anzia BIOS, uipange kama ulivyoandika. Yangu ya zamani ilikuwa RAID, mpya haina kabisa, inajua AHCI tu. Skrini ya bluu: INACCESSIBLE BOOT DEVICE. Fundi akaguna, "Si nilikwambia, dada?" Nikazima na kuwasha mara kadhaa hadi Windows ikaleta ukurasa wa matengenezo, nikachagua Safe Mode, yaani kuwaka na vitu vya lazima tu. Ikaingia, ikaitambua diski, nilipowasha tena ikafunguka kawaida, na picha ya wanangu ipo pale pale.

Ikidai leseni, nenda Settings, kisha Activation, gusa Troubleshoot, uchague kwamba umebadili kifaa karibuni. Ila leseni iliyokuja na kompyuta kutoka kiwandani kwa kawaida huzikwa na madabodi yake, hivyo tenga hela ya nyingine. Jioni ile nilichapa kadi za kipaimara, fundi akisubiri malipo yake na chai.