Kabla ya Kumpa Mgonjwa Mofini Nyumbani: Mambo ya Kuzingatia

Usitoke hospitalini na chupa ya mofini, dawa kali ya maumivu, kabla hujasoma nguvu yake, kwa kuwa miligramu 5 katika mililita 5 si sawa na miligramu 50 katika mililita hizo hizo. Pima kwa bomba la sindano, si kwa kijiko cha jikoni. Mofini ya maji hudumu mwilini takriban saa 4, kwa hiyo fuata saa ulizoandikiwa bila kungoja mgonjwa alie. Kama ana tatizo la figo, lisemeni mapema.

La choo ndilo ninalokutaka ulishike. Mofini hukamata vipokezi, yaani sehemu za seli ambazo dawa hujishikiza, vya ubongo na uti wa mgongo, ikapunguza nguvu ya taarifa ya maumivu. Lakini vipokezi vya namna hiyo vimo pia katika kuta za utumbo, na vikikamatwa utumbo hupunguza mwendo, maji yakafyonzwa na choo kikakauka. Kichefuchefu na usingizi wa siku za mwanzo kwa kawaida mwili huvizoea, ila utumbo hauzoei.

Mama yangu, aliyekuwa na saratani ya shingo ya kizazi, alipoanza mofini alilala usiku kucha, nasi kwa furaha hatukuuliza lolote. Siku ya sita alisukuma bakuli la uji, tumbo limemjaa, akaniambia, "Mwanangu, afadhali maumivu yangu ya zamani." Nikampunguzia dozi kwa akili yangu, na usiku ule maumivu yote mawili yakamwandama. Muuguzi alipofika ilimbidi avae glavu na kumtoa choo kwa vidole, Mama akiuma pindo la khanga ili wajukuu wasimsikie. Kisha muuguzi akauliza, "Dawa ya kulainisha choo iko wapi?" Hatukupewa, wala hatukuiomba. Iombe siku ile ile mofini inapoandikwa, na kila siku andika daftarini kama amepata choo.

Usiikatishe dawa ghafla, maana mwili uliokwisha kuizoea hutetemeka, hutoka jasho na kuhara. Usiichanganye na pombe wala dawa za usingizi pasipo idhini ya daktari. Ukimwona haamshiki, anapumua polepole mno na mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, usimpe dozi nyingine, mkimbize hospitali. Chupa ifungiwe kabatini, jirani mwenye mgongo asigawiwe, na itakayobaki irudishwe ilikotoka.