Kuchagua gitaa kavu kwa ukubwa wa tumbo lake
Kabla ya kulinganisha magitaa, hakikisha yote yamefungwa nyuzi mpya za unene mmoja, kwani nyuzi zilizochakaa huficha tofauti. Dreadnought, umbo kubwa la gitaa ambalo kampuni ya Martin ilianza kulitengeneza mwaka 1916 na ambalo jina lake ni la manowari ya Uingereza, lina tumbo la inchi 15.6 hivi na kiuno kisichobonyea sana, hivyo besi yake huvuma na kuwabeba waimbaji. OM (Orchestra Model), umbo dogo zaidi lenye upana wa inchi 15 na ubavu mwembamba zaidi, huipa kila noti nafasi yake unapodonoa kwa vidole. Piga kodi ya E (noti kadhaa kwa pamoja) kwa nguvu, kisha kwa upole, mwenzako akisikiliza mbele yako, maana sauti nyingi huelekea huko. Kwa kurekodi chumbani, binafsi ningechukua dogo.